Anti wa Jikoni: Kare ya Kijapani nyumbani, bila boksi na bila mafuta kuelea

Mbukwenyi wapendwa. Mwezi huu maswali karibu yote yameelekea Japani, sijui nani kawaambukiza hapa Dodoma, ila nimefurahi maana ni mapishi ninayoyapenda na nina ya kusema. Swali la kwanza ni refu na jibu lake refu zaidi, mengine tutapita nayo harakaharaka.

SWALI: Shikamoo Anti. Nakaa Ipagala na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mume alienda Japani kwa kozi ya kazini akarudi na maboksi ya ile kare yao, unavunja kibonge unatupia kwenye sufuria ya nyama na viazi, mchuzi unakuwa mzito, mtamu kwa mbali, watoto walikuwa wanalamba sahani. Yakaisha. Hapa katikati baba watoto kapimwa kakutwa na presha, daktari kamwambia apunguze chumvi na mafuta, na mama mkwe ana sukari siku nyingi. Lakini kila Jumapili wimbo ni kare, kare, kare. Nikajaribu na bizari ya dukani, nikakaanga unga wa ngano kwa siagi ya kopo karibu nusu kikombe, uzito ulikuja ila mafuta yakaelea juu, na chumvi nikaweka kidogo kama alivyosema daktari. Baba watoto akaonja, akaweka kijiko chini, akasema "hii dawa". Kuna namna ya kupika kare nzito ya nyumbani bila mafuta na chumvi zote hizo na bado ikaitwa kare? – Msomaji, Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, kijiko kuwekwa chini mbele ya mama mkwe inauma. Namna ipo, tena nzuri, na nakuambia mapema kabisa kwamba hapo ulipokosea njia ni pale kwenye siagi, sio kwenye chumvi.

Tuanze na hicho kibonge cha boksi maana ndicho kinachowadanganya wengi. Ndani yake kuna unga wa ngano, mafuta, chumvi, sukari na viungo, na karibu theluthi nzima ya kibonge ni mafuta, ndo maana kinagandia vile na ndo maana ukiacha sahani ipoe unaona utando juu. Chumvi yake ni kama gramu 2 kwa sahani ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku nzima, yani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa hiyo mzee akila hiyo sahani moja ameshamaliza karibu nusu ya siku yake na hapo hujahesabu mkate wa asubuhi (mkate una chumvi, watu wanasahau), wala mboga ya usiku, na kama ni mtu wa kuongeza sahani ya pili ndo basi tena.

Na usione kwamba ukiacha boksi unaharibu mila za watu. Kare ilifika Japani kwa mkono wa Waingereza enzi za Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, na ule mtindo wa kuzidisha uzito kwa unga na mafuta ni wa Kiingereza, Waingereza wenyewe bizari waliitoa India. Hivyo vibonge vya kuvunjavunja vimekuja baadaye sana, ile Vermont Curry maarufu yenye tufaa na asali, ambayo nahisi ndo mume wako aliibeba, ilianza kuuzwa mwaka 1963. Kabla ya hapo akina mama wa Japani walikuwa wanapika kwa bizari ya unga na mikono yao, kama wewe tu.

Sasa sikiliza. Uzito wa kare unaweza kutoka sehemu tatu ambazo hazihitaji mafuta, na ukizitumia zote kwa pamoja hakuna mtu atakayeuliza siagi iko wapi.

Ya kwanza ni vitunguu, na hapa ndo pa kukaa, usiparukie. Kwa watu wanne chukua vitunguu vikubwa vitatu, katakata vyembamba kufuata urefu wake, weka kijiko kimoja tu cha chakula cha mafuta ya alizeti (na sisi huku kati hatuna kisingizio cha kukosa alizeti) kwenye sufuria nzito, tia vitunguu, funika, moto wa wastani. Vikishalegea na kutoa maji yake funua, vikianza kushika chini usiongeze mafuta, tia maji vijiko viwili, kwangua na mwiko ile rangi iliyoshika chini ichanganyike, subiri vikauke tena, tia tena maji, kwangua tena. Nusu saa hivi. Vitaisha mpaka utashangaa vitunguu vitatu vimekuwa kiganja kimoja, vimekuwa na rangi ya kahawia na utamu wa wenyewe, na huo utamu ndo unaochukua nafasi ya asali na sukari ya kwenye boksi. Mwenye friza avikatekate jana yake avigandishe, vikitoka kwenye barafu vinalegea haraka na muda unapungua sana, huu ujanja hata Wajapani wenyewe wanautumia.

Ya pili ni kiazi. Una viazi viwili, kimoja kata vipande vya kutafuna, kingine usikikate, kikwangue kwenye greta upande wa matundu madogo mpaka kiwe uji, halafu kitie mchuzi ukiwa unachemka dakika kumi za mwisho huku unakoroga maana kinapenda kushika chini. Utaona mchuzi unabadilika hapohapo mbele ya macho yako, ulikuwa unatiririka kwenye mwiko, sasa unaganda kidogo na kung'aa.

Ya tatu ni unga, lakini unga mkavu. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, weka kwenye kikaango kikavu kabisa, hamna mafuta, moto mdogo, koroga bila kuondoka (simu iache), mpaka ufike rangi ya chai ya maziwa na harufu ya biskuti ijae jikoni. Zima moto kwanza ndipo utie bizari yako ya unga kijiko kimoja na nusu cha chakula, ule moto uliobaki kwenye kikaango unatosha kuiamsha, ukiitia moto ukiwa unawaka inaungua na bizari iliyoungua ina uchungu ambao hakuna kitakachouondoa. Acha ipoe, halafu koroga na maji ya baridi iwe uji laini usio na madonge, ndo unamimina sufuriani. Ukimimina unga wa moto kwenye mchuzi wa moto utapata maandazi.

Hapo uzito umekamilika na mafuta yote ya sufuria ni kijiko kimoja, ukiacha yaliyomo kwenye nyama yenyewe. Kwenye nyama chukua steki robo na kidogo, isiwe na mafuta, au kuku bila ngozi. Na kama una friji, chemsha nyama jana yake, weka supu kwenye friji usiku, asubuhi mafuta yamegandia juu meupe unayatoa na kijiko yote, unabaki na supu safi. Mimi hii naifanya hata kwa makongoro.

Tuje kwenye ile kauli ya "hii dawa". Mwanangu, chakula kikipungua chumvi na hujaweka kitu kingine cha kukipa ladha, hata mimi nitaweka kijiko chini. Kitu chenyewe unacho jikoni na hukijui: dagaa. Wajapani supu zao nyingi zinaanzia kwa samaki wadogo waliokaushwa, wanawaita niboshi, na kule kuna kare ya tambi inayopikwa na supu ya aina hiyo. Chukua dagaa wa Kigoma wakavu kiganja kimoja, toa vichwa na matumbo maana huko ndo kuna uchungu, osha vizuri mchanga utoke, loweka kwenye maji vikombe vinne usiku mzima au angalau nusu saa, chemsha taratibu dakika kumi, chuja. Hayo maji ndo ya kupikia kare yako. Hayatanuka dagaa, bizari itafunika, ila mdomo utasikia kitu kimejaa hata chumvi ikiwa kidogo. Dagaa wenye chumvi usiwatumie, na zile kiubi za supu za dukani zitupe mbali kabisa kwenye hii sufuria, sehemu kubwa yake ni chumvi.

Chumvi yenyewe: robo tatu ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima ya watu wanne, ambayo ni kama gramu 1 kwa kila mtu, nusu ya ile ya boksi. Na itie mwisho, wakati mchuzi umeshakuwa mzito. Ukiitia mwanzo inazama kwenye viazi na nyama, ulimi hauisikii, unaongeza. Halafu kabla ya kupakua kamulia nusu ndimu, ukali wa ndimu unafanya ulimi udhani chumvi ipo. Kitunguu saumu na tangawizi usivipime kwa woga, hivyo havina kesi na presha.

Kwa mpangilio basi: vitunguu vikishakuwa kahawia tia saumu na tangawizi, nyanya mbili zilizokwanguliwa, nyama, karoti mbili, kiazi cha vipande, mimina supu ya dagaa, ikiiva tia kiazi cha kukwangua, kisha uji wa unga na bizari, dakika kumi moto mdogo, chumvi, ndimu. Bizari ya dukani inatofautiana, nyingine ni manjano tupu na chumvi imeongezwa, soma paketi. Mimi naongeza mwenyewe binzari nyembamba, giligilani na mdalasini kidogo sana, ikaribie zaidi ile harufu aliyoizoea mzee.

Mama mkwe sasa, hapa usimsahau kwa kuwaza presha ya mumeo. Ukiangalia sahani ya kare vizuri ni wali, juu yake viazi, juu yake unga wa ngano, wanga juu ya wanga juu ya wanga, na kwa mtu wa sukari mafuta ukishapunguza tatizo kubwa linabaki kuwa hilo. Kwake mpakulie mchuzi bila vile vipande vya viazi, badala yake pika pembeni biringanya na bamia, uviongeze kwenye bakuli lake. Wajapani msimu wa joto wanapika kare ya mbogamboga hivyohivyo, biringanya, bamia, boga, sio uvumbuzi wangu, na kwa bamia mtu wa Dodoma aliyekulia mlenda hahitaji kubembelezwa. Wali wake uwe kidogo, robo ya sahani, nusu ya sahani iwe kabichi iliyokatwa nyembamba na kachumbari isiyo na chumvi. Kule wanakula kare na achari nyekundu ya mboga, ina sukari na chumvi nyingi, kachumbari yetu ya ndimu inafanya kazi ileile ya kukata uzito mdomoni.

Na huo wali, kwa nyumba nzima sio mama mkwe peke yake, uchanganye na mtama. Najua utasema Anti umeanza, ila ngoja nikupe kisa. Miaka ya 1880 jeshi la majini la Japani lilikuwa linapukutika kwa ugonjwa wa beriberi, meli yao ya Ryujo ilisafiri 1882 hadi 1883 ikiwa na watu 376, wakaugua 169 na kufa 25. Daktari wao mmoja, Takaki Kanehiro, aliyekuwa amesomea London, akashuku chakula, maana mabaharia walikuwa wanajaziwa wali mweupe na vitoweo kiduchu. Mwaka 1884 meli nyingine, Tsukuba, ikapita njia ileile na chakula kilichobadilishwa, hakufa hata mmoja kwa beriberi, na baada ya hapo jeshi likawa linachanganya wali na shayiri. Leo tunajua sababu, ni kukosa vitamini B1, nayo inakaa kwenye lile ganda la punje linaloondolewa kinuni, mashineni na kwingineko ukitafuta weupe. Jeshi hilohilo mwaka 1908 likatoa kitabu cha mapishi chenye kare ya wali ndani yake, na mpaka leo mabaharia wao wanakula kare kila Ijumaa. Kwa hiyo kare juu ya wali uliochanganywa nafaka nyingine ina ukoo mzuri kuliko kare juu ya wali mweupe mtupu.

Huku kwetu shayiri hatuna lakini mtama na uwele ndo kwao. Loweka kikombe kimoja cha mtama mzima usiku kucha, chemsha peke yake dakika arobaini hivi au mpaka ukitafuna punje haigomi, chuja, changanya na vikombe viwili vya mchele ulioanza kukaukia maji, funika umalizie. Watoto waanzie na robo kikombe, utaongeza taratibu, ukiwapiga na nusu kwa nusu siku ya kwanza watakususia. Na bado ni wanga, mtama haufuti sukari, unaifanya tu ipande polepole, kwa hiyo kipimo cha mama mkwe kinabaki palepale.

La mwisho kwako, dawa za presha asiache kisa kare imebadilika. Chakula kinasaidia dawa. Na kama hapo nyumbani kuna mwenye shida ya figo usifuate haya ya viazi na nyanya kabla hujamuuliza daktari wake.

SWALI: Anti mambo, mi niko chuo hapa UDOM nimepanga geto, nina jiko dogo la gesi na sufuria mbili, nyama naiona mwezi ukianza. Nimeona video za kare ya Kijapani nikatamani lakini kila mtu anaweka nyama. Inawezekana bila nyama na isiwe ya mafuta mafuta maana nishaanza kitambi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Poa mwanangu, ila "shikamoo" haijafutwa. Inawezekana na itakuwa rahisi kuliko ya mwenzio hapo juu. Chukua choroko kikombe kimoja, hazihitaji kulowekwa sana, chemsha mpaka zipasuke, nusu yake ziponde na mgongo wa mwiko humohumo kwenye maji yake, huo ndo uzito wako, unga wa ngano hata usinunue. Kwenye sufuria ya pili kaanga vitunguu kwa mtindo wa maji niliouelezea, kijiko kimoja cha mafuta basi, tia saumu, tangawizi, nyanya, karoti na bizari, mimina choroko na maji yake, dakika kumi na tano umemaliza. Ukipata soya zilizochemshwa ni nzuri pia, Wajapani wana kare ya nyama ya kusaga na soya wanaipenda sana nyumbani, na protini yake inashika tumbo mpaka jioni.

Kuhusu kitambi, sitaki kukudanganya, shida yako nadhani sio kare, ni chipsi yai za usiku na soda. Ila hilo hukuniuliza.

SWALI: Habari Anti, watoto wangu wanapenda ile katsu, kuku wa kupakwa chenga za mkate akakaangwa, alafu anawekwa juu ya kare. Mafuta inayokunywa ile kitu naogopa. Sina oveni. Nifanyeje? – Mama wa watatu, Kisasa

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Unaogopa kitu cha kweli, chenga za mkate zinafyonza mafuta kuliko kuku mwenyewe, na kwa kawaida ile nyama inazamishwa kabisa. Ujanja ni kwamba rangi na ukakasi wa katsu havitoki kwenye mafuta mengi, vinatoka kwenye mkate kukaukiwa, basi ukaushe mkate kabla haujamgusa kuku.

Chukua mkate wa jana au juzi, toa ukoko, kwangua kwenye greta matundu makubwa upate chenga nene, zikiwa unga mwembamba haitakuwa katsu. Ziweke kwenye kikaango na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, zigeuzegeuze moto mdogo mpaka ziwe za dhahabu na ukizishika zinakwaruza, ziweke kwenye sahani zipoe. Kidari cha kuku bila ngozi kipasue katikati kiwe chembamba, kigonge kidogo na mwiko kilingane unene, pilipili manga, tangawizi, kitone cha chumvi. Kichovye kwenye unga kidogo, kwenye ute wa yai, kisha kwenye chenga, ukikandamiza kwa kiganja zishike.

Bila oveni una njia mbili. Kikaango kisichoshika, moto mdogo, mfuniko, dakika tano hadi sita kila upande, kwa vile mkate umeshapata rangi yake kazi iliyobaki ni kuku kuiva tu, funua dakika ya mwisho mvuke utoke la sivyo unalainika. Au kama una jiko la mkaa, sufuria kavu yenye mchanga chini, sahani ya bati juu yake, mfuniko na mkaa juu, kama tunavyooka keki za nyumbani, hii inatoa katsu kavu nzuri zaidi. Kata kipande kinene kabisa uangalie ndani, kuku asiwe na pinki hata kidogo.

Wengine mtauliza nguruwe, ndio, kwao katsu ya asili ni ya nguruwe, na kitimoto Dodoma hakijawahi kuadimika, ila kwa wanaokula chagueni sehemu isiyo na mafuta na msiifanye kila wiki.

SWALI: Anti, soya sosi si ni ya soya, kwa hiyo ni bora kuliko chumvi? Naimwagia kila kitu. – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Hapana. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida ya Kijapani kina chumvi karibu gramu 2 na nusu, nusu ya kiwango cha siku. Na usidanganywe na rangi, kule Japani ile ya rangi nyepesi ndo ina chumvi kali kuliko nyeusi. Usiimwagie, weka kwenye kisahani kidogo uchovye ncha ya tonge, au ichanganye nusu na maji ya ndimu. Ukiiweka kwenye kupika basi chumvi nyingine usitie.

SWALI: Shikamoo Anti, nimesikia kare ni tamu zaidi kesho yake. Mimi huwa naiacha kwenye sufuria juu ya jiko usiku, asubuhi napasha tunakula. Juzi tumeharisha nyumba nzima. Ni kare au ni maji? – Baba wa familia, Chang'ombe

JIBU: Marahaba baba, poleni sana. Maji sijui, ila sufuria lako nalishuku sana. Ni kweli kare ya siku ya pili ni tamu, viazi vinakuwa vimekunywa ladha, hata Wajapani wanasifia. Lakini huko kwao mamlaka za afya zinaonya kila mara kuhusu sufuria kubwa la kare lililoachwa lipoe lenyewe, kuna bakteria anaitwa Clostridium perfringens, mbegu zake hazifi kwa kuchemka, zinajificha humo, na mchuzi mzito ukipoa polepole katikati panabaki na uvuguvugu masaa mengi, hakuna hewa, ndipo anapozaliana vizuri kabisa. Asubuhi ukipasha juujuu tu mpaka ukaona moshi, chini bado vuguvugu, unakula mamilioni.

Kwa hiyo ikishaisha kuliwa usingoje, gawa kwenye vyombo vipana vifupi, kina cha vidole viwili, weka vyombo hivyo kwenye beseni la maji ya baridi ukikorogakoroga mpaka vipoe, halafu friji, yote ndani ya masaa mawili. Kupasha ni kuchemsha, koroga mpaka chini, iruke viputo sehemu zote. Kama huna friji, na hasa miezi hii ya joto ya Oktoba na Novemba, pika ya kuisha siku hiyo, ladha ya kesho waachie wenye friji. Na kama kuharisha hakujaisha, au kuna damu, au mtoto amelegea, usikae unasoma safu yangu, nenda kituo cha afya.

SWALI: Mbuzi inafaa kwenye hii kare? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Inafaa sana. Toa mafuta meupe yote kabla ya kupika maana ya mbuzi yanagandia mdomoni, chemsha na tangawizi nyingi, na ipe muda mrefu kuliko ng'ombe laini. Ukipika niandikie, ila picha ya sufuria usinitumie saa tano usiku.